Kuala Lumpur ilianza na maji, Bengaluru imeanza na magari

Panapobishaniwa handaki la barabara katika jiji linalofurika, mfano wa Kuala Lumpur haukosi kutajwa. Watetezi wa mradi huuliza: mbona Malaysia waliweza? Waliweza kweli. Handaki lao liitwalo SMART lilifunguliwa kwa magari Mei 2007, na mvua zikizidi kipimo magari hutolewa, maji yakaingizwa. Ila wanaolitaja huruka ukurasa wa kwanza wa habari yake. Wahandisi wa Kuala Lumpur hawakutumwa kutafuta barabara; walitumwa kuliokoa jiji na mto Klang. Barabara ilikuja kudandia baadaye.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha ubishi wa Bengaluru, kusini mwa India, ambako serikali ya jimbo la Karnataka inataka kuchimba handaki la barabara la kilomita zipatazo 17, kutoka Hebbal upande wa kaskazini hadi makutano ya Silk Board upande wa kusini. Kabla ya kulifanya handaki la Malaysia kuwa shahidi, yafaa kwanza kuangalia lilijengwaje.

Kuala Lumpur ilianza karne ya 19 kama kambi ya wachimba bati, pale mito ya Klang na Gombak inapokutana, karibu na ulipo leo msikiti wa Jamek. Palifaa kwa mashua, hapakufaa kwa jiji. Januari 1971 mafuriko yaliumeza mji. Juni 2003 maji yaliingia tena katikati ya jiji, na safari hii yalikuta majengo yameubana mto pande zote mbili. Kuupanua kungelazimu kubomoa kitovu chenyewe cha biashara.

Wahandisi wakaufuata mto kwenda juu, hadi karibu na pale Klang inapopokea maji ya Ampang, wakapiga hesabu ya kuyakamata maji huko kabla hayajafika mjini. Ndipo likapatikana bwawa la Berembang, lenye uwezo wa kupokea mita za ujazo 600,000. Kutoka hapo maji huingia kwenye handaki la kilomita 9.7 linalopita chini ya jiji, kisha hutokea bwawa la Taman Desa, lenye nafasi ya mita za ujazo milioni 1.4, ambako hutulia kabla ya kuachiwa yaingie mto Kerayong. Handaki lenyewe likijaa hushika milioni 1. Jumla ni milioni 3. Hiyo ndiyo hesabu iliyouzaa mradi.

Barabara ililetwa na fedha. Handaki la maji peke yake hukaa kavu siku nyingi za mwaka na halimlipi mtu. Wajenzi, yaani ubia wa kampuni za Gamuda na MMC, wakaonyesha kwamba kipande cha kilomita 3 katikati ya handaki kinaweza kuwa barabara ya kulipia inayounganisha jiji na barabara kuu ya kwenda mji wa Seremban. Mradi mzima uligharimu karibu ringgit bilioni 1.9. Serikali ilibeba sehemu kubwa kwa ajili ya mafuriko, na kampuni ikapewa haki ya kurudisha fedha zake kwa tozo, iliyoanza ringgit 2 kwa gari.

Mashine zilizochimba zilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita 13. Ukilikata handaki katika kipande cha barabara utakuta ngazi tatu. Ya chini kabisa ni mfereji wa maji. Juu yake kuna barabara mbili, moja juu ya nyingine, moja ya kuingia mjini na nyingine ya kutoka. Kila baada ya mita 250 pana njia ya kumtoa mtu ngazi moja hadi nyingine wakati wa dharura, na kila kilomita 1 hivi pana shimo la wima linaloleta hewa kutoka juu.

Uhodari wa mradi uko katika taratibu za kuliendesha. Mto Klang ukipitisha chini ya mita za ujazo 70 kwa sekunde, hakuna linalofanyika. Magari hupita na mto huendelea na njia yake. Ukifika kati ya 70 na 150, sehemu ya maji huelekezwa handakini na kupita kwenye mfereji wa chini, huku dereva aliye juu yake akienda zake bila hata kujua. Ukivuka 150, barabara hufungwa na magari yote hutolewa, lakini maji hayaingizwi mara moja kwenye ngazi za juu. Mvua ikikatika, barabara hufunguliwa tena baada ya saa chache. Isipokatika, malango hufunguliwa na ngazi zote tatu hugeuka mto. Baada ya hapo matope husafishwa, vifaa hukaguliwa kimoja kimoja, na barabara huweza kukaa siku nne kabla ya kurudishiwa magari.

Anayesoma vipimo vya mto na kutangaza hali ya hatari ni Idara ya Umwagiliaji na Mifereji ya Malaysia. Mwenye neno la mwisho ni mtu wa maji, na akisema barabara ifungwe, hufungwa, hata kama ni saa ya kutoka kazini. Miji mingi inayolitamani SMART haijafika huko, kwa sababu kufunga barabara ya kulipia ni kufunga mapato ya mtu.

Uchimbaji nao ulikuwa na mashaka yake. Chini ya Kuala Lumpur kuna mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji kwa mamilioni ya miaka, yakaachwa na mapango na nyufa, na juu yake udongo uliochokonolewa na migodi ya bati. Ukichimba na kuyavuta maji ya ardhini, udongo wa juu hutumbukia mapangoni na barabara ya lami hufunguka shimo. Ndiyo maana zilitumika mashine mbili za kampuni ya Herrenknecht ya Ujerumani, Tuah na Gemilang, zinazosukuma uji wa udongo uitwao bentonaiti kwenye uso wa mwamba ili shinikizo lake lizuie maji na udongo visiporomokee ndani. Tuah ilielekea kaskazini, Gemilang kusini. Hata hivyo, uji ulipopenya kwenye mapango shinikizo lilishuka, na mashimo kadhaa yalifunguka juu ya ardhi. Mapango yaliyogunduliwa mbele ya mashine yalilazimika kujazwa kwanza.

Je, kazi ile ilizaa matunda? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Kufikia Julai 2010 mfumo ulihesabiwa kuwa umeliepusha jiji na mafuriko makubwa mara saba, na mwaka 2011 shirika la UN-Habitat liliupa tuzo. Lakini mipaka yake ni wazi kwa anayetaka kuiona. SMART hukamata maji ya kidakio cha juu cha Klang na Ampang tu. Mvua ikimwagika moja kwa moja juu ya jiji, au upande wa Gombak, handaki halina la kufanya. Septemba 2020 katikati ya jiji palifurika ingawa handaki lipo. Desemba 2021, bonde la Klang lilipopata mvua ya siku nzima na zaidi, handaki lilifanya kazi yake, na bado mitaa ya Shah Alam, mbali chini ya mto, ilizama na watu wakafa. Kwa upande wa usafiri, barabara hiyo hairuhusu pikipiki wala gari linalozidi kimo cha mita 2. Basi, chombo kinachobeba watu wengi kwa mara moja, halipiti.

Sasa Bengaluru. Jiji hilo liko juu ya nyanda, kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, na halina mto mkubwa. Maji yake ya mvua yalikuwa yakipokewa na mlolongo wa mabwawa ya kutengenezwa na watu, moja likijaa linamwagia jingine kupitia mitaro mikubwa iitwayo rajakaluve. Mabwawa mengi yamejengewa nyumba, stendi na ofisi, na mitaro mingi imebanwa. Septemba 2022, ukanda wa kampuni za kompyuta kando ya barabara ya mzunguko ulizama, wafanyakazi wakabebwa kwa matrekta kwenda kazini. Mei 2025 makutano ya Silk Board, ambako handaki linakusudiwa kuishia, yalifunikwa na maji. Hebbal, linakoanzia, kuna bwawa la jina hilohilo na njia zinazofurika karibu kila msimu.

Yaani midomo yote miwili ya handaki imewekwa mabondeni.

Upande wa serikali una hoja, na si haki kuibeza. Foleni za Bengaluru ni miongoni mwa foleni mbaya zaidi duniani. Ardhi ya juu ni ghali, kubomoa majumba ni vita, na madaraja ya juu yaliyojengwa yamehamisha foleni kutoka makutano mamoja hadi mengine. Naibu Waziri Mkuu wa jimbo, D. K. Shivakumar, anayesimamia jiji, ameushikilia mradi huu kama wake. Aliwahi kusema kwamba hata Mungu hawezi kuibadili Bengaluru kwa miaka miwili au mitatu, na mwaka 2025 alimjibu mpinzani wake, mbunge Tejasvi Surya, kwamba siku hizi wazazi hawamwozi binti yao kwa kijana asiye na gari. Watu walicheka, wengine walikasirika. Lakini kauli ile ilionyesha mradi umejengwa juu ya nani: mwenye gari. Gharama iliyotajwa ni takriban rupia bilioni 177, na pikipiki, chombo kinachoongoza kwa wingi katika jiji hilo, hazitaruhusiwa humo.

Wataalamu wa usafiri, Profesa Ashish Verma wa Taasisi ya Sayansi ya India akiwemo, wamekuwa wakisema kwamba fedha hizo zingehamisha watu wengi zaidi zikiwekwa kwenye treni za metro na mabasi. Wananchi wa kawaida waliingia mjadalani kwa sababu ya Lalbagh, bustani iliyoanzishwa na Hyder Ali mwaka 1760, ambako kuna mwamba wenye umri wa miaka ipatayo bilioni 3. Mpango ulionyesha njia ya kutokea magari ikigusa ardhi ya bustani hiyo. Makundi ya wakazi yaliandamana, na Shivakumar akasema njia hiyo itahamishwa. Mapema zaidi, ndani ya andiko la mradi yalikuwa yamegunduliwa majina ya Malegaon na Nashik, miji ya jimbo jingine, Maharashtra. Mtu anayenakili kurasa za mji mwingine ataaminiwaje kwa vipimo vya maji?

Swali hilo ni zito kuliko la pikipiki na metro, kwa sababu handaki lisilo na hesabu ya maji huua. Tarehe 20 Julai 2021, jiji la Zhengzhou nchini China lilipata milimita 201.9 za mvua ndani ya saa moja. Handaki la barabara la Jingguang lilijaa, magari yakapandiana kama takataka kwenye mtaro, na watu 6 wakafa ndani yake. Tarehe 15 Julai 2023 tuta la mto Miho lilipasuka karibu na Cheongju, Korea Kusini, maji yakajaza njia ya chini ya Osong kabla haijafungwa, na watu 14 wakapoteza maisha. Bengaluru haina haja ya kwenda mbali: Mei 2023 mwanamke kijana alikufa gari alilopanda lilipozama katika njia fupi ya chini ya barabara pale KR Circle. Ile ni njia ya makumi ya mita tu. Hii inayopendekezwa ni ya kilomita 17, ikiwa na njia za kuingilia na kutokea katikati, na kila njia ya aina hiyo ni mlango mwingine wa maji.

Kifundi, milango hiyo inaweza kulindwa. Kingo za mdomo huinuliwa juu ya kiwango cha mafuriko makubwa yanayotarajiwa, malango huwekwa, pampu hupangwa chini na jenereta zake hukaa juu ambako maji hayafiki. Lakini maji yanayozuiwa mlangoni hayatoweki. Hubaki Silk Board, yakitafuta nyumba ya kuingia. Kuala Lumpur iliyapatia maji hayo Berembang na Taman Desa kabla ya kuwapatia wenye magari barabara. Bengaluru ina mabwawa yake tayari, yakihitaji kuchimbuliwa tope na kufunguliwa mitaro yake, kazi isiyohitaji mashine ya Ujerumani.

Serikali ya Karnataka basi iweke hadharani mambo matatu kabla ya mkataba wowote kutiwa saini: mvua ya kiasi gani midomo ya Hebbal na Silk Board imekadiriwa kuistahimili, maji yatakayozuiwa pale yatapelekwa bwawa gani, na ni ofisa gani mwenye mamlaka ya kulifunga handaki bila kumwomba ruhusa mtoza tozo. Majibu hayo yasipopatikana, handaki hilo lisichimbwe.