Picha na Mipaka Yake

Jicho la mwanadamu halina kuta. Likichoka kutazama mlima hugeukia bonde, na likishiba bonde hupaa mawinguni. Picha haina uhuru huo. Ina pande nne, na kila upande ni mpaka usiovukika. Kwa sababu hiyo mpiga picha wa milima na mabonde hana budi kuwa hodari wa kuacha kabla ya kuwa hodari wa kuonyesha. Shamba zuri halitokani na kupanda tu, hutokana na kupalilia pia. Lakini mpaliliaji aweza kung'oa magugu, na aweza kung'oa mmea wa jirani. Katika insha hii tutaipima picha moja mashuhuri kwa mizani hiyo, tujue nini kiliingizwa, nini kiliachwa, na kama kuacha huko kulikuwa kwa haki.

Picha yenyewe ilipigwa mwaka 1944 na Ansel Adams, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki mwaka 1984. Yaonyesha macheo ya majira ya baridi katika milima ya Sierra Nevada, kama yaonekanavyo kutoka mji mdogo wa Lone Pine katika jimbo la California. Juu kabisa mna kipande cha mbingu. Chini yake yamesimama majabali meupe kwa theluji na kwa jua la kwanza. Mlima Whitney, wenye kimo cha mita 4,421, umo katika safu hiyo. Chini ya weupe huo vimelala vilima vyeusi, vimefunikwa na kivuli. Kisha waja mstari wa miti iliyoguswa na nuru, na mbele yake malisho ambamo farasi mmoja anakula majani.

Adams alisimulia baadaye kwamba aliweka kamera juu ya jukwaa la gari lake akangoja huku akitetemeka kwa baridi. Farasi alikuwa amempa kisogo, na kwa mbali akafanana na kisiki. Nuru ilipokaribia kufika, farasi aligeuka akasimama ubavu, na picha ikapigwa. Muda wa dakika moja haukupita kabla jua halijalifurika bonde lote, na mchezo wa giza na nuru ukatoweka.

Je, farasi huyu mdogo ana kazi gani katika picha kubwa namna hii? Msomaji ukiweza kuipata picha hii katika kitabu, twaa kipande cha karatasi ufunike sehemu ya chini. Papo hapo milima itapungua kimo. Farasi ndiye kipimo. Bila yeye jicho halijui kama linatazama mlima au chungu ya mawe. Sasa mwachie farasi nafasi yake ufunike mbingu. Vilele vitakuwa kama watu walioinamishwa vichwa chini ya dari fupi. Kisha funika vilima vyeusi, nawe utaona kuwa theluji imepoteza nusu ya weupe wake, kwa maana nyeupe haing'ari mpaka ikae jirani na nyeusi. Mipaka ya picha hii, basi, haikuwekwa kwa bahati. Palipokatwa ndipo palipostahili kukatwa, na sioni upande ambao mkasi ungeweza kuongeza faida.

Hata hivyo uzuri wa picha hii una siri ndani yake. Wanafunzi wa shule ya sekondari ya Lone Pine walikuwa wamepanda vilima vile wakapaka mawe chokaa, yakawa herufi mbili kubwa, L na P, alama ya mji wao. Kamera iliziona na filamu ikazihifadhi. Adams aliziona kuwa kovu katika uso mzuri, akazifuta katika filamu ya asili, na masalio yake akayaficha katika kila nakala aliyochapa. Hakulificha jambo hilo. Alilieleza waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1983, akakiri kwamba wako waliomlaumu.

Mtetezi wake atasema kuwa mpiga picha alikuwa na haki ya kusogeza kamera mpaka herufi zitoke nje ya mpaka. Kama ni halali kuziacha nje, kwa nini iwe haramu kuzifuta ndani? Hoja hii ina nguvu, lakini haitoshi. Kila atazamaye picha ajua kwamba ina pande nne, na kwamba nje ya pande hizo dunia inaendelea. Mkato haumdanganyi mtu, kwa kuwa mpaka wake unaonekana. Lakini tuyaonayo ndani ya mpaka tunayapokea kama ushahidi. Afutaye ndani ya mpaka huigusa imani hiyo, na mtazamaji hana njia ya kujua kuwa imeguswa. Zaidi ya hayo, wanafunzi wale waliandika jina la kwao juu ya vilima vyao. Picha ikasafiri duniani kote, na jina lao halikusafiri nayo.

Lakini tusifikiri kwamba mkasi na mpaka havina hatia kamwe. Maili chache kaskazini ya Lone Pine ilikuwako kambi ya Manzanar, ambayo serikali ya Marekani iliifungua mwaka 1942. Waliowekwa humo ni watu wa asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani, na idadi yao ilipata kuzidi 10,000 kwa wakati mmoja. Adams alikwenda huko kupiga picha za maisha yao, akazitoa katika kitabu mwaka 1944. Hakuruhusiwa kupiga minara ya walinzi wala seng'enge. Hapo mpaka wa picha haukuwekwa na msanii kwa ajili ya uzuri. Uliwekwa na mwenye nguvu kwa ajili ya kuficha. Hakuna kilichofutwa, lakini kilichoachwa nje kilikuwa kizito kuliko herufi mia za chokaa.

Hata sisi tunao mfano wetu. Simama katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi umkabili twiga. Ukielekeza kamera upande wa jiji, majengo marefu yatasimama nyuma ya shingo yake. Ukijigeuza kidogo, jiji litatoweka na nyika itaonekana kama haijapata kukanyagwa na mtu. Picha zote mbili ni za kweli, lakini ya pili ikitumiwa kusema kuwa nchi hii ni nyika tupu isiyo na watu, imeugeuza ukweli wake kuwa uongo.

Basi, hukumu yangu juu ya picha ya Adams ni hii. Kama wimbo wa nuru ni kazi ya fundi mkuu, na sioni kasoro katika mpango wake. Kama ushahidi wa vilima vya Lone Pine ina pengo, na heshima ya mwenyewe ni kwamba alilitaja. Atakayeshika kamera na ajiulize, kabla ya kukata wala kufuta, kama picha yake itaimba au itashuhudia. Mwimbaji ana ruhusa ya kuchagua sauti. Shahidi hana ruhusa ya kuchagua ukweli. Na atakayeitazama picha, akiisha kusifu kilichomo, asisahau kuuliza habari za kilichobaki nje.