Jiwe Lisilo na Jina

Ndugu msomaji, katika kurasa kama hizi tumezoea kuhakiki vitabu na tenzi. Leo twataka kuhakiki mawe, yaani minara, sanamu na vibao vilivyosimamishwa ili watu wawakumbuke waliokufa vitani. Mawe nayo yana maneno, na maneno yakishaandikwa ni haki yetu kuyapima. Tutaanzia mbali na pwani, katika mkoa wa Mara, wilaya za Serengeti na Tarime, ambako wengi wetu twakusikia kwa ajili ya simba na nyumbu tu.

Huko Ikoma, wilaya ya Serengeti, kuna boma walilolijenga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Katika Vita Kuu, mwaka 1917, kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Naumann kilifika hapo kikifukuzwa na Waingereza na Wabelgiji, wakapigana. Wenye kuamrisha walikuwa Wazungu, lakini wengi wa waliobeba bunduki na mizigo, pande zote, walikuwa Waafrika. Na katika askari wa Wajerumani Waislamu walikuwa wengi, wenye kusema Kiswahili hiki hiki unachokisoma. Basi usidhani kuwa khabari ya Ikoma si ya nyumbani kwako. Leo jina la boma lile limekuwa jina la lango la kuingilia hifadhi ya wanyama, na wageni hulitaja kila siku. Waliouawa penye boma ni nani awatajaye?

Wenyeji wa upande ule, Waikoma, Wanata na jirani zao, wana njia yao ya kukumbuka, nayo haina saruji. Huitaja ardhi. Kilima hiki, kisima kile, hame lile la ukoo fulani. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1951, kisha mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959, mahame mengi yakabaki ndani ambamo hawaruhusiwi kuishi, lakini majina hawakuyaacha. Wakurya wa Tarime nao huhesabu zama zao kwa marika na vizazi, kila kimoja na jina lake. Ama pale ambapo ziara ya hame hugeuka kuwa tambiko la kuomba mizimu, hapo hatumo, na dini yetu iko wazi. Lakini kuitaja ardhi kwa jina la aliyeilima ni jambo jema, na mnara wa mawe wenye bendera juu yake haulizidi.

Huenda ukauliza, je, sisi Waislamu yatuhusu nini minara, na Mtume (S.A.W.) amekataza makaburi kutiwa chokaa na kujengewa? Ni kweli amekataza. Lakini ni yeye huyo huyo ambaye, alipozikwa Uthman bin Madh'un, alilichukua jiwe kwa mikono yake akaliweka upande wa kichwa, ili alijue kaburi la ndugu yake. Jiwe lile halikuwa pambo. Lilikuwa alama ya mtu mmoja anayejulikana. Na mashahidi wa Uhud, ambao ni sabini, hawakujengewa sanamu hata moja, lakini fungua sira ya Ibn Hisham utawakuta wametajwa mmoja mmoja, kila mtu na kabila lake. Kipimo chetu basi ni hicho: jiwe hili lamtambulisha nani?

Kwa kipimo hicho tuitazame sanamu mashuhuri kuliko zote nchini, ile ya Askari iliyoko katikati ya Dar es Salaam. Ilizinduliwa mwaka 1927, ni kazi ya James Alexander Stevenson. Ni askari wa shaba, singe yake imeelekea bandarini. Suala la kuchonga sura ya mwanadamu tuliache, kwani hukumu yake waijua. Tusome maandishi. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kimeandikwa kwa herufi za Kilatini na kwa herufi za Kiarabu. Hapo twawapa haki yao waliosimamisha jiwe: walijua kuwa watu wa pwani wamesoma chuoni, na bibi zetu waliokuwa hawajui herufi za Kizungu waliweza kusimama pale wakasoma wenyewe. Vibao vingapi vya leo vinamjali msomaji wake hivyo?

Lakini maneno yenyewe yasemaje? Yawasifu askari kwa jumla, na wapagazi yawafananisha na miguu na mikono ya jeshi. Kisha yaahidi kuwa anayekufa kwa ajili ya nchi yake jina lake halitapotea kwa wanawe. Ahadi nzuri! Zunguka basi jiwe lote, pande zote nne, ulitafute hilo jina. Hakuna hata moja. Mkono umetajwa na mguu umetajwa, mwenye mkono na mguu hakutajwa.

Na mtunzi wa maneno hayo alikuwa Rudyard Kipling, mshairi wa Kiingereza, ambaye mwanawe John alipotea vitani huko Loos, Ufaransa, mwaka 1915. Baba alikufa mwaka 1936 hajalijua kaburi la mwanawe. Kwa hiyo hakuna aliyejua kuliko yeye uchungu wa maiti asiyeonekana. Mwana wake alipokosa kaburi, jina lake liliandikwa ukutani huko Loos. Wapagazi wetu, ambao kambi yao imeliacha jina la Kariakoo, walipewa sentensi moja wagawane maelfu kwa maelfu. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika ya Mashariki na Misri. Tume hiyo ilikuwa imejiwekea msingi tangu awali kuwa kila aliyekufa atajwe kwa jina lake, bila ya kubaguliwa.

Pengine utasema, jina litamfaa nini aliyekwisha kufa? Huko aliko Mola wake amjua. Sawa, lakini aliyebaki je? Mume akichukuliwa upagazi asirudi, na asiandikwe popote, fiqhi yamwita mafqudi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kwa kauli ya mwisho ya Imamu, mkewe haolewi mpaka iyakinike kuwa amekufa au amemwacha. Kauli yake ya kale ni angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa. Mali yake nayo haigawiwi mpaka upatikane ushahidi, au upite muda ambao hadhaniwi kuwa yu hai, na kadhi ahukumu. Mstari mmoja katika daftari la jeshi ungalimfungua mwanamke yule na kuwapa mayatima haki yao. Karani aliyehesabu magunia ya unga na akaacha kuandika majina ya waliobeba, aliwadhulumu walio hai kabla ya kuwadhulumu wafu.

Sasa tazama kazi ya mikono yetu wenyewe. Mwezi wa Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la Kyaka, mji mdogo ulioko kando ya mto Kagera. Pale Kyaka limebaki gofu la kanisa lililobomolewa katika vita vile. Kwa maoni yangu gofu lile ni ukumbusho wa kweli kuliko sanamu nyingi, kwani halikuchongwa na mtu wala halimsifu mtu. Na sisi ambao Qur'ani imetutajia makanisa na misikiti pamoja, kuwa ni nyumba zinazokingwa zisibomolewe, hatuna sababu ya kulipita kama lisilotuhusu.

Vita hivyo viliwachukua vijana wengi wa Mara. Divisheni ya 20 iliongozwa na David Musuguri wa Butiama, aliyeingia jeshi la K.A.R. mwaka 1942, akawa Mkuu wa Majeshi kutoka 1980 mpaka 1988, akafariki mwaka 2024. Jina la jenerali halihitaji jiwe. Ni kwa ajili ya wale walio chini yake ndiyo twasifu makaburi ya Kaboya, wilaya ya Muleba, walikozikwa askari 435. Hapo pana mnara mweupe, na majina yameandikwa. Mzee wa Tarime akisafiri mpaka kule atamkuta mwanawe, amwombee, arudi. Kwa sanaa mnara wa Kaboya si kitu mbele ya shaba ya Stevenson, na kwa maana waipita mbali.

Ikiwa siku moja serikali au halmashauri itataka kuweka jiwe pale Ikoma, twashauri lisiwe na sura ya mtu, wala lisiwe refu. Maneno yawe ya Kiswahili na ya lugha ya wenyeji, kwani mtalii ana kitabu chake mkononi. Yatafutwe majina katika madaftari ya majeshi yote matatu na katika vinywa vya wazee, askari na wapagazi pamoja, bila ya kuuliza walikuwa wa upande gani. Na ikiwa yatapatikana matano tu, yaandikwe matano, na chini yake iachwe nafasi tupu.