Nyumba ya Vyumba Sita

Tuanze na mwaka: 1863. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalihesabu jengo lililosimama kabla ya mwaka huo kuwa kumbukumbu, bila mtu yeyote kwenda kuomba. Majengo ya baadaye yanasubiri waziri ayatangaze. Sasa piga hesabu. Sultani Majid alianza kujijengea mji wake wa Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo ya 1860, na Boma la Kale pale bandarini, mojawapo ya machache yaliyobaki ya enzi yake, ni la 1867 hivi. Kwa sheria hii mji mzima ulichelewa kuzaliwa.

Kariakoo ilichelewa zaidi. Jina lake linatokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita viwanja vikajaa nyumba za Waafrika. Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ikaugawa mji katika kanda tatu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati, ili Kariakoo ikae ng'ambo yake. Kanuni ziliandika kwa lugha ya vifaa vya ujenzi. Kila mtu alijua zilikuwa zinasema rangi ya ngozi.

Kilichojengwa ng'ambo hiyo ndicho ninachotaka kukitetea kama kazi ya usanifu. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina ramani ambayo fundi aliibeba kichwani: baraza mbele, mlango katikati, korido moja iliyonyooka hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Nyuma kuna uani: jiko, choo, stoo, kamba za kuanikia. Kuta za mwanzo zilikuwa za miti na udongo. Mapaa yalikuwa ya makuti, kisha madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, kisha mabati. Vifaa vilibadilika mara nyingi, ramani ikabaki ileile, na kwangu huo ndio ushahidi kwamba ramani ni nzuri.

Itazame inavyofanya kazi. Korido inavuta upepo kutoka barabarani hadi uani. Kila chumba kina mlango wake, kwa hiyo kila chumba kinaweza kupangishwa peke yake. Mwenye nyumba hakai mbali akituma dalali. Anakaa chumba cha mbele na anajua nani amerudi saa ngapi. Mwanamke mjane mwenye nyumba kama hiyo alikuwa na makazi na kipato chini ya paa moja. Baraza nalo si mali ya ndani wala ya nje: mgeni anapokelewa pale bila kuingizwa chumbani, bao linachezwa pale, maandazi yanauzwa pale asubuhi.

Uingereza kuna kisa cha kulinganisha. Mwishoni mwa karne ya 19 William Morris na wenzake walichoshwa na bidhaa za viwandani, wakatetea kazi ya mikono na vifaa vya mahali husika. Fikra hizo zikafika kwenye nyumba za watu wa kawaida. Kitongoji cha Hampstead Garden Suburb, London, kilianzishwa 1907, kikachorwa na Raymond Unwin na Barry Parker, na humo zimo nyumba pacha, mbili zinazogawana ukuta. Leo kitongoji hicho kinalindwa kiasi kwamba mwenye nyumba habadilishi madirisha ya mbele bila kuomba ruhusa. Si kasri wala kanisa. Ni nyumba za kulala, kupika na kulea watoto.

Tofauti yake na yetu imo ndani ya ramani. Nyumba pacha zinagawana ukuta ili majirani wasionane. Nyumba ya Kiswahili inagawana korido, na wapangaji hawana njia ya kukwepana. Kila moja ni wazo zima kuhusu namna ya kuishi na wengine. Moja imelindwa. Nyingine inavunjwa mtaa kwa mtaa, Narung'ombe, Mafia, Sikukuu, Tandamti, na mahali pake yanapanda maghorofa yenye fremu za maduka chini na vioo juu.

Rafiki zangu wa rika langu hunijibu kwamba natamani umaskini. Wananiuliza kama niko tayari kupanga foleni ya choo kimoja na familia sita. Siko tayari, na hoja yao ni nzito. Kuna nyingine nzito zaidi: kiwanja cha Kariakoo leo ni mali. Familia iliyofungiwa mwaka 1924 ng'ambo ya uwanja, leo inaweza kuingia ubia na mwekezaji na kupata ghorofa zake. Kumwambia asivunje, kwa ajili ya historia, ni kumtoza kodi mtu yuleyule mara ya pili.

Ndiyo maana ulinzi usio na fidia ni dhuluma. Lakini miji mingine imepata njia. Mumbai na New York zina utaratibu wa kumruhusu mwenye jengo linalolindwa auze haki yake ya kujenga juu, mnunuzi aitumie kwenye kiwanja kingine. Kwa nyumba chache zilizochaguliwa vizuri, Kariakoo ingeweza kufanya hivyo. Zilizobaki zipimwe na kuchorwa kabla tingatinga halijafika.

Na maghorofa yajifunze. Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania, kwa zege tupu. Lakini mapaa yake ya miavuli yanatoa kivuli, yanapitisha hewa na yanakusanya maji ya mvua. Liliungua Julai 2021, na kilichoteketea kilionekana kwa nchi nzima. Usasa wake haukuhitaji kuusahau mji. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Sisemi kuta za udongo zingewaokoa. Nasema mtaa uliojifunza kukihesabu kiwanja kwa idadi ya fremu pekee umeacha kuuliza maswali mengine, na swali la usalama ni mojawapo.

Sheria ya 1964 haimfungi waziri mikono. Anaweza kutangaza jengo la mwaka wowote. Kinachotakiwa ni sisi kwanza kukubali kwamba vyumba sita na korido ni usanifu.