Ulikuwa Nyumbani Ukifanya Nini?

Wasifu wa binti aliyeketi mbele yangu ulikuwa wa kurasa mbili, umepangwa vizuri, ila katikati pana pengo la miaka mitatu. Stashahada ya ununuzi na ugavi, mwaka mmoja kwa msambazaji wa vinywaji, kisha kimya. Nilimuuliza miaka hiyo alikuwa wapi.

"Nilikuwa nyumbani tu, mama."

"Nyumbani ukifanya nini?"

Akaitazama mikono yake. Alikuwa akimsaidia mjomba, alisema, kwenye duka la vipuri vya magari Kariakoo. Akimsaidia nini? Kupokea mzigo. Unatoka wapi? China, kwa kontena. Nani anauhesabu? Yeye. Kikipungua kifaa nani anajua? Yeye. Na jioni, nani analinganisha daftari la mauzo na pesa iliyoingia kwenye simu? Hapo akainua uso. "Mimi. Mjomba hajui kusoma zile meseji." Miaka mitatu mizima aliisimamia stoo ya watu, na hakuandika hata mstari mmoja, kwa kuwa hakuwa na mkataba wala barua. Kazi isiyo na barua tumezoea kuiita kukaa nyumbani.

Mimi ni mshauri wa ajira, Dar es Salaam. Waajiri hunilipa niwatafutie watu. Mtaani wananiita dalali wa kazi, na neno hilo silikatai, maana dalali mwaminifu ni mtu wa heshima. Tofauti ni moja: nyumba haiulizi inauzwa kwa nani, wala haina mama anayesubiri simu kujua kama imepata.

Siku yangu huanza saa mbili asubuhi kwa simu za waajiri. Wengi hunitajia sifa walizonakili kwenye tangazo la mwaka juzi. Mwenye ghala mmoja wa Kurasini alitaka mtunza stoo mwenye shahada, uzoefu wa miaka mitano, awe mwanamume, tena asiwe na watoto wadogo. Nikaandika yote. Kisha nikamuuliza yule aliyekuwepo aliondokaje. Kimya kidogo, halafu maneno yakamtoka kwa uchungu: mzigo ulikuwa ukitoka usiku bila hati, madereva wanapiga honi getini, mtunza stoo anawaogopa, anafungua. Kumbe shida yake haikuwa shahada. Alihitaji mtu anayeweza kuhesabu huku anaharakishwa, asitetereke. Kwangu mimi ufundi wa kazi hii uko pale, kwenye swali la pili. La kwanza kila mtu analo.

Kuhusu mwanamume na watoto, nilimjibu kwa sheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, umri na mengine, na kinagusa hadi tangazo la kazi na vigezo vya kuchagua. Hakubishana. Waajiri wengi hawana ubaya; hawajawahi kusomewa tu.

Kuanzia saa nne nasoma maombi, na hapa sipendi kuharakishwa. Ninaposhika rundo la wasifu huwa nawakumbuka manamba. Enzi za ukoloni mashamba ya mkonge ya Tanganyika yalikuwa na njaa ya vibarua, na mwaka 1944 wakulima wa mkonge waliunda ofisi yao ya kuwaajiri, SILABU. Watu walikusanywa kutoka mikoa ya mbali, wakasafirishwa hadi Tanga na kwingineko, kila mmoja akapewa namba. Namba ikawa jina lao mpaka leo. Nao walioajiri manamba walikuwa watu wa kazi kama yangu: walikuwa na orodha, malengo, na mwajiri anayelipa. Walichokikosa ni kumuuliza mtu yeye ni nani. Kwa hiyo nikijikuta natupa wasifu kwa sababu tu hauna neno nililokuwa natafuta, narudi nauokota. Najua ninafanana na nani dakika ile.

Usaili wenyewe naufanya mchana. Kijana anayetoka Mbagala kwa daladala amekuja na nauli ya kuazima na shati la kaka yake. Dakika kumi za kwanza ni za maji ya kunywa na maongezi ya kawaida. Mtu mwenye hofu hajibu maswali, anajitetea. Akishatulia, ndipo utamjua.

Wadhamini nao wana lugha yao. Kwetu hakuna anayependa kumsema mtu vibaya, basi kila mdhamini atakwambia "huyo ni mtu mzuri." Nimejifunza kusikiliza kinachofuata neno hilo. Wapo wanaoendelea kusimulia hata usipowauliza, na wapo wanaonyamaza. Nikiona kimya nauliza jambo moja: nafasi ingekuwepo, ungemrudisha? Jibu la swali hilo halijawahi kunipoteza.

Pesa ya mwombaji siigusi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kuwa wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada, iwe moja kwa moja au kwa kuzunguka. Ukipigiwa simu na mtu anayekutaka utume hela ya fomu au ya vipimo vya afya ndipo upewe kazi, huyo si mwenzetu. Kata simu.

Yule binti tuliuandika upya wasifu wake mezani kwangu. Mstari mmoja ulitosha: msimamizi wa stoo, duka la vipuri, Kariakoo, miaka mitatu. Aliusoma mara mbili kwa sauti ya chini. Nilimpeleka Kurasini pamoja na wengine wawili. Mwenye ghala alimchagua mwingine, baba wa watoto wanne aliyezeeka kwenye maghala, na hakukosea.

Saa kumi na moja jioni, ofisi ikitulia, ndipo napiga simu za waliokosa. Hakuna anayenilipa kwa simu hizo. Namwambia mtu amekosa, namwambia sababu ninayoijua, na namwambia alichofanya vizuri. Nilipompigia yeye, alisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya hata nikadhani salio limekwisha.

"Nimeomba kazi sehemu nyingi, mama," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniambia nimekosa."

Ninyi mlio na nafasi za kutoa, mtu aliyevaa vizuri akaja kukaa mbele yenu mnamdai nini tena? Mpigieni simu. Dakika mbili zinatosha.