Mkondo Gani? Uhakiki wa Istilahi za Giligili Zipitishazo Umeme

Mvuvi wa Ikola, kandokando ya Ziwa Tanganyika, akitaja mkondo ana maana ya maji yaendayo, yawezayo kuuburura wavu wake. Fundi umeme wa Mpanda akilitaja neno lilo hilo, ana maana ya umeme upitao katika waya. Kila mmoja hueleweka kwa wenzake. Taabu huanza pale elimu moja inapowakutanisha.

Elimu hiyo huchunguza mwendo wa giligili zipitishazo umeme: zebaki, chuma kilichoyeyuka katika kiini cha dunia, gesi ya jua. Hata maji ya Ikola, kwa chumvi zilizoyeyuka ndani yake, hupitisha umeme kiasi. Mwaka 1832 Michael Faraday alijaribu, katika daraja la Waterloo mjini London, kupima umeme uzaliwao na maji ya mto Thames yakatapo uga wa sumaku wa dunia, hakufaulu. Hannes Alfvén wa Uswidi aliweka msingi wa elimu yenyewe mwaka 1942, akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1970.

Tuchukue sentensi hii, tuliyoitunga kwa maneno ya kawaida: "Mkondo ukikata uga wa sumaku huzaa mkondo, na uga huukabili mkondo kwa kani ipingayo mkondo." Mwanafunzi atajuaje yapi ni maji na upi ni umeme? Wapo wasemao kwamba muktadha hutosha. Hapa hautoshi, maana yote mawili yamo katika muktadha mmoja. Akikosea, atageuza sababu kuwa matokeo.

Twapendekeza mwendo wa giligili uitwe mtiririko, na umeme uandikwe mkondo wa umeme kila mara, bila kufupisha: "Mtiririko ukikata uga wa sumaku huzaa mkondo wa umeme, na uga huukabili mkondo huo wa umeme kwa kani ipingayo mtiririko." Sentensi imerefuka, lakini imesema kweli.

Kiowevu nacho hakifai kushika nafasi ya giligili, kwani huiacha nje gesi ya jua.

Lipo pia neno la kazi ya kompyuta. Maigizo yanukia jukwaa. Nakala hudai usawa usiokuwapo. Mwaka 1995 Gary Glatzmaier na Paul Roberts walitangaza kazi yao ya kuiga kiini cha dunia kwa kompyuta, na ndani yake ncha za sumaku zikageuka. Hata hivyo, mnato walioutumia ulizidi mno ule wa chuma halisi, kwa kuwa kompyuta haikumudu vinginevyo. Uigaji ndilo neno la haki: aigaye hakiri kwamba yeye siye.

Mvuvi abaki na mkondo wake, hatumnyang'anyi. Mfasiri ndiye apaswaye kusema, kila alitumiapo neno hilo, ni mkondo wa nini.