Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Siri ya Familia katika Sharp Objects ya Gillian Flynn

Riwaya ya upelelezi, kwa kawaida yake, humtaka msomaji ajiulize ni nani aliyeua. Sharp Objects, riwaya ya kwanza ya Mmarekani Gillian Flynn iliyochapishwa mwaka 2006, inalibakisha swali hilo lakini inalisogeza kando ili kuuliza jingine zito zaidi: ni nani waliojua, na kwa nini walinyamaza? Katika idara za fasihi, kazi za aina hii zimezoea kutiwa katika kapu la fasihi pendwa na kusahauliwa humo. Makala haya yanadai kwamba hukumu hiyo, ikitolewa juu ya riwaya hii, itakuwa ya haraka.

Msimulizi ni Camille Preaker, mwandishi wa habari wa gazeti moja la Chicago. Mhariri wake, Curry, anamrudisha Wind Gap, mji mdogo wa jimbo la Missouri alikokulia, ili aripoti mauaji ya wasichana wawili, Ann Nash na Natalie Keene, walionyongwa na kung'olewa meno. Camille anafikia kwa mamake, Adora, tajiri anayemiliki biashara ya nguruwe na machinjio ambayo ndiyo tegemeo la mji. Humo anaishi Alan, baba wa kambo. Amma, mdogo wake wa miaka 13. Na, kwa namna fulani, Marian, ndugu aliyefariki utotoni na ambaye kifo chake kilikwisha kuitwa ugonjwa, basi.

Ufundi mkubwa wa Flynn umo katika mwili wa msimulizi. Camille amejichanja maneno mwili mzima, isipokuwa uso na duara dogo la mgongoni ambako mkono wake haufiki. Anayaficha kwa mikono mirefu hata wakati wa joto, na sura za mwanzo zinamficha msomaji pia. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako inapata hapa maana ambayo huenda wahenga hawakuikusudia: chini ya nguo mna maandishi, na maandishi hayo ndiyo kumbukumbu ya nyumba ile. Aliyezoea Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ataona umbali uliopo. Bwana Msa, ambaye nasaba yake ya kifasihi inarudi kwa Sherlock Holmes, hulikabili fumbo kwa akili tulivu ya mtu asiyeguswa nalo. Camille hana pa kusimama nje ya fumbo. Yeye mwenyewe ni kielelezo cha ushahidi.

Siri inapofunuliwa, inabainika kwamba Adora alikuwa akiwalisha watoto wake sumu na dawa ili waugue, naye apate kuwatunza na kusifiwa kwa utunzaji huo. Marian alikufa hivyo. Hali hii ilielezwa kitabibu na daktari Mwingereza Roy Meadow mwaka 1977, na ni rahisi mhakiki akaridhika na jina la ugonjwa. Lakini Kiswahili kina neno linalomfaa Adora kuliko istilahi ya hospitali: kuuguza. Kwa umbo, ni kauli ya kutendesha ya kuugua. Kwa matumizi, ni kumtunza mgonjwa. Adora anauguza kwa maana zote mbili kwa kijiko kimoja. Katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) ukatili wa Zakaria kwa bintiye ni wa fimbo na kelele, na hakuna anayeuona kuwa siri. Ukatili wa Adora unavaa sura ya huruma, na kwa hiyo hata anayeumizwa huutamani.

Hata hivyo, kuiita siri hii iliyofukiwa ni kosa. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata katika riwaya hii ni muuguzi aliyemshuku Adora tangu Marian alipokuwa hai, akasema, na hakusikilizwa. Shaka yake imo katika kumbukumbu za hospitali. Kilichoikinga siri si usahaulifu wa mtu mmoja bali ni nafasi ya Adora katika uchumi wa Wind Gap: anayewapa watu kazi haulizwi anawapa wanawe nini. Usomaji wa kisaikolojia pekee hauwezi kulifikia jambo hili, kwani unamgeuza mshitakiwa kuwa mgonjwa na mji mzima kuwa mashahidi wasio na hatia.

Sakafu ya chumba cha Adora imetengenezwa kwa pembe za ndovu. Flynn hajali zilitoka wapi; msomaji wa nchi ambayo mwaka 1989 iliteketeza tani 12 za pembe hizo jijini Nairobi hawezi kuipita sakafu hiyo upesi hivyo. Kwa mwandishi, pembe ni kiangazambele tu. Amma ana nyumba ya mwanasesere iliyo nakala ya nyumba yao, na sakafu yake ndogo imetengenezwa kwa meno ya waliouawa. Muuaji wa wasichana wale ni Amma. Dalili zilikwisha tandazwa mapema, na kwa hilo hakuna udanganyifu. Udhaifu ni wa mwendo: ufunuo huu, uliostahili sura nzima, umebanwa katika kurasa chache za mwisho, na Amma, mhusika wa kutisha na wa kuhuzunisha kuliko wote, anaondolewa jukwaani kabla msomaji hajamwelewa.

Kurasa hizo za mwisho, hata hivyo, zina jambo ambalo riwaya za taharuki hulikwepa. Kabla ya ukweli kujulikana, Camille amemchukua Amma Chicago na kumlea. Baadaye anajiuliza kama ustadi wake wa kumtunza mdogo wake ulitokana na wema au na ugonjwa wa mama, na Flynn hamjibu. Anamwacha nyumbani kwa Curry na mkewe, mtu mzima anayeanza kujifunza namna ya kutunzwa.