Mzee Ojwang na wajukuu wa marehemu

Katika kijitabu hiki tumezoea kuandika juu ya mahari, ngoma na majina. Safari hii msomaji atuvumilie, tunaleta televizio. Kwa kilio tutafika.

Mchezo wenyewe ni Vitimbi, wa Kenya, uliopita miaka mingi kwenye televizio ya taifa, KBC. Wengi wetu hapa Goma hatukuuona siku zake. Wanafunzi ndio wanatuonyesha vipande ndani ya telefoni, mapumziko ya saa ine. Mzee Ojwang, bwana ya Mama Kayai, anafoka, anadanganya, anakamatwa, anafoka tena. Aliyemcheza, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu, lakini alisema Kiswahili cha Kijaluo mpaka watu wakasahau. Ni kazi ya fundi, tunacheka.

Lakini katika vile tulivyoona, mzee huyo hazeeki. Uzee wake ni sauti na ukaidi, basi. Mchezaji mwenyewe alikuwa anazeeka kweli: miaka ya mwisho macho yalimharibikia, Wakenya wakachangishana ili atibiwe, akafa mwezi wa Julai 2015. Macho yale, na haya ya mzee kushikwa mkono ili avuke barabara, hatukuyakuta ndani ya mchezo.

Vichekesho vingi viko hivyo. Mimba inachekesha, mzee bahili anachekesha, kifo kinafungiwa mlango. Wamarekani waliwahi kuufungua. Tarehe 25 Oktoba 1975, mchezo uitwao The Mary Tyler Moore Show ulileta mazishi ya mchekeshaji wa watoto: alivaa kama karanga katika maandamano, tembo akataka kumbambua, akamuua. Wenzake kazini wanatania, Mary anawagombeza. Siku ya mazishi kicheko kinamshika yeye mwenyewe. Mchungaji anamwambia acheke tu, naye analia. Ni mchezo mzuri sana. Lakini pale kicheko ni ajali. Kwetu ni kazi, na ina wenyewe.

Tulikuwa kwenye kilio kimoja huku Ndosho. Watu wamekaa chini ya shitingi, kimya, mjane hajala tangu asubuhi. Mjukuu akaingia, amevaa koti ya marehemu, fimbo yake mkononi, akakaa kwenye kiti chake. Akakohoa kile kikohozi. Mikono ikatetemeka. «Munaniletea maharagi tena?» Halafu akaanza kuita watoto wa marehemu, wote akawaita Kambale, hata Paluku. Msomaji asiye Mnande ajue kwamba majina haya yanafuata zamu ya kuzaliwa: Paluku ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili. Marehemu mwisho wake alikuwa amevuruga zamu hiyo, na mkubwa wa nyumba, mtu wa mvi, alikuwa anaitika jina la mdogo wake bila kusema kitu. Pale shitingi yote ikacheka, na Paluku mbele ya wote, machozi yakimtoka. Mjane akasema: «Hata marehemu hakukuwaka mubaya hivi!» Akaomba chai.

Kesho yake wajukuu wakazuia jeneza. «Lipeni kwanza, huyu ni bwana yetu.» Mashangazi wakalipa. Watanzania wanao watani kwa kazi kama hiyo. Sisi tunao wajukuu.

Wachungaji wengine wanakataza, eti ni dharau. Hatukubali. Dharau ni kumficha mzee kikohozi chake, kama vile televizio inavyofanya. Kinachotutia hofu ni kingine. Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, marehemu wengi wa jimbo letu walizikwa na watu wa mavazi ya kujikinga, familia imesimama mbali. Mwanzo wa 2025, hapa mjini, wengi walizikwa haraka, wengine bila jina. Hakuna aliyepata koti ya kuvaa. Tuna wanafunzi wa miaka kumi na sita wanaomjua Mzee Ojwang kwa kichwa, na hawajazuia jeneza hata moja.

Vijana wenye kamera wako hapa Goma. Wacheze kilio, na kikohozi ndani yake.

Yule mjukuu wa Ndosho tulimuuliza nani alimfundisha kukohoa vile. «Tate mwenyewe», akajibu. «Alikuwaka ananipa bombo nikimuiga muzuri.»